Kulala Mara Saba hadi kwa Maina

Aujuittuq,
Jumanne, mwezi wa nne, jua lishaacha kuzama.

Kwako Maina, mdogo wangu wa pekee,

Nakuamkia wewe na wote waliomo nyumbani mwako, wakubwa kwa wadogo. Naamini barua hii itakukuta umekaa karibu na dirisha, magoti yametulia, na kifua unakipaka mafuta ya sili kama nilivyokuelekeza, badala ya kutafuna vidonge vya zahanati kama peremende. Ukitaka kujua hali yangu, mimi mzima. Mgongo unauma, lakini mgongo huu ulianza kuuma kabla wewe hujaota meno, kwa hiyo hiyo si habari. Barafu ya baharini bado imara, na juzi wamepatikana sili wawili pale penye ufa. Niviaq anakusalimu sana, na habari zake utazisoma mbele.

Kwanza nitoe shukrani, watu wasije wakasema Alasi hakulelewa. Siku nne nilizokaa kwako nimekula nikashiba na nimecheka mpaka jino langu la mwisho likatikisika. Nyama ya dubu uliyonifungia imefika salama, majirani wameisifu, nami nimewaambia umeipika wewe ingawa chumvi niliipunguza mimi. Chai yako bado nyepesi. Maina, mtu akiweza kuona kitako cha kikombe, hiyo si chai, ni maji yenye haya. Nilikuambia kwa mdomo, na sasa nimeandika.

Utajiuliza kwa nini naandika wakati redio ya upepo ipo na tunaweza kusemezana kila siku mchana. Naandika kwa sababu redioni kuna masikio mengi kuliko ndege wa majabalini. Juzi juzi jirani yangu aliuliza tu kama tumbo la mama mkwe wake limepona, na kabla ya chakula cha mchana visiwa vyote vilikuwa vinajua yule mama amekwenda msalani mara ngapi. Hili ninalotaka kukuambia ni la macho yako peke yako. Usimpe mjukuu wako Lipika akusomee. Vaa miwani yako, umekuwa ukiificha kana kwamba uzee ni wizi.

Nilipokuja kwako, Maina, nilikuja na neno kuhusu Mama. Nilitoka nalo huku, nikaruka nalo angani, nikakaa nalo kwako siku nne, nikarudi nalo. Sasa nisikilize nikueleze nilivyosafiri, maana wewe ulinikuta nikishuka tu, hujui nilivyopanda.

Ilianza ile siku tuliposikia redioni kwamba Lipika amejifungua msichana. Tulifurahi, nikapiga makofi peke yangu jikoni. Wiki moja baadaye ukasema mtoto analia. Wiki ya pili ukasema analia bado, ananyonya na kulia, analala na kulia, mmempa jina la shemeji yako amelikataa, mmempa la shangazi wa baba yake amelikataa pia. Mimi na wewe tumelea wengi na tunajua. Mtoto aliyeshiba na mkavu halii hivyo kwa tumbo. Analilia jina lake. Kuna marehemu anataka kurudi, na nyinyi mnamwita kwa jina la mwingine. Hata mimi ungeniita kwa jina la mtu mwingine wiki mbili mfululizo ningepiga kelele.

Basi Niviaq akarudi kutoka kazini akanikuta nimekaa na kisu mkononi, ngozi ya sili magotini, wala sikwangui. Unajua kazi yake ni pale kwenye kibanda cha uwanja wa ndege, anapima mizigo na kuzungumza na marubani. Akanitazama akaniambia: Binti yangu, nenda kwa mdogo wako.

Sasa nimjibu nini? Wenzangu wana wajukuu. Mimi nina mjukuu ambaye ni mama yangu. Tangu siku ile alipopewa jina la Mama, miaka kumi na tisa sasa, sijamfokea hata mara moja, maana nani humfokea mzazi wake? Nimefokea watoto wangu tisa, wachungaji wawili na askari mmoja, lakini Niviaq akisema binti yangu chukua koti, nachukua koti. Nikamwambia sawa, Mama, nitakwenda, ngoja nitafute mtu mwenye mbwa. Akacheka akasema watu wenye mbwa waliobaki wanawafuga ili wapigwe picha, nitakwenda kwa ndege. Mimi! Niliyewahi kusema kanisani kwamba kama Mungu angetaka tupae angetupa mkia wa kugeuzia!

Nikamwambia kwa Maina ni mbali. Yeye akachukua ramani yake akaweka rula. Akasema kutoka uwanja wetu hadi uwanja wenu ni karibu kilomita mia nne, na kwa ndege ni mwendo wa saa moja na nusu, upepo ukiwa mwema hata isifike. Nikamwambia kilomita mimi sijawahi kulala ndani yake. Ninachojua ni kwamba kutoka Aujuittuq hadi Qausuittuq ni kulala mara saba, na dhoruba ikikasirika ni kulala mara kumi. Marehemu mume wangu Jusipi alinileta kwenu kwa mbwa mwaka ule, unakumbuka, na tulilala mara saba. Nchi haiwezi kunywea kama soksi iliyofuliwa kwa maji moto. Niviaq akasema: Haya, binti yangu, funga mizigo kadiri unavyoona inafaa.

Nikafunga kadiri nilivyoona inafaa. Ulicheka sana uliponiona, ila sasa nakwambia kila kitu kilikuwa na sababu. Ngozi mbili za kulalia. Hema dogo la turubai. Jiko la mafuta ya taa na mafuta yake, ambayo Niviaq aliyatoa akaniambia ndege haipandi na moto. Samaki waliogandishwa, kama kuni wamefungwa kamba. Mapaja mawili ya sili. Kisu changu cha nusu mwezi, na kisu kirefu cha kukatia theluji, maana nani anajua kama rubani anaweza kujenga nyumba ya theluji? Sindano, nyuzi, sufuria, sabuni, Biblia. Mtu anayekwenda kulala mara saba hafungi kikapu.

Siku ya safari nusu ya kijiji walikuja uwanjani, wanasema wamekuja kuniaga, waongo wakubwa, walikuja kuniona napimwa. Kwani ulijua kwamba ile ndege ndogo inapima hadi watu? Niviaq alipima mzigo akaandika, halafu akanionyesha mizani. Nikamwambia mzigo ushapimwa. Akasema: Bado wewe. Watu wakasogea karibu kama wawindaji kwenye tundu la sili. Nikasema mimi nimezaa tisa, sipimwi kama gunia la unga mbele ya watu niliowakata vitovu. Kuna mmoja nyuma akasema, Bibi, hata shemasi alipimwa. Nikamwambia shemasi hana kitu cha kuficha, ni mifupa na zaburi. Wakaangua kicheko. Niviaq hakucheka. Alisema tu: Binti yangu, panda. Nikapanda. Akatazama, akaandika namba kwa kuficha kwa kiganja, Mungu ambariki, akawatangazia wote kwamba mzee ana uzito wa msichana. Nadhani alinipunguzia uzito wa sufuria.

Rubani ni yule Mwenye Ndevu, wewe unamfahamu, anakuja kila Jumanne na Alhamisi, na siku nyingine yoyote mizigo ikizidi. Anajua maneno manne ya lugha yetu na matatu ni ya chakula. Alinifunga mkanda mwenyewe. Abiria nilikuwa peke yangu, nyuma yangu kuna mifuko ya barua na mashine mbovu ya mtu imefungwa kamba. Ule mlima wetu, Maina, unajua ulivyokaa hapo usoni mwa uwanja kama mkwe aliyenuna. Ndege ilikimbia kokotoni, ikapiga kelele, nikafumba macho, nikamtaja Yesu, nikamtaja Jusipi, nikamtaja na fundi aliyekaza skrubu, simjui jina. Nilipofumbua, kijiji chetu kilikuwa kama makombo ya mkate juu ya shuka.

Sasa nikuambie siri ya kwanza, ndogo. Nilikuwa nimelipanga lile neno langu. Nilikuwa nimeligawa kwa kulala mara saba kama ninavyogawa nyama. Kulala kwa kwanza, nitafute pa kuanzia. Kwa pili na kwa tatu, nimtaje Mama bila kukimbilia habari nyingine. Kwa nne nipumzike, kwa tano nijipe moyo, kwa sita niombe, kwa saba nifike kwako neno likiwa limeiva. Hata Niviaq aliponiambia saa moja na nusu, kichwa kilisikia lakini moyo haukuamini. Mtu huamini anapolala, haamini anaposoma.

Basi natazama chini naiona ghuba ile yenye jiwe jeusi, tulipolala na Jusipi usiku wa kwanza, mbwa wakapigana usiku kucha. Nikasema ah, hapa nianze kutafuta pa kuanzia. Nikamimina chai kutoka kwenye chupa. Nikatazama tena, rasi ya pili hiyo, tulipolala usiku wa pili. Sijameza hata funda! Nikapuliza chai. Kulala kwa tatu kukapita. Ile barafu kuu ya kisiwa cha katikati, iliyotutoa jasho siku mbili nzima, tukisukuma sleji kwa mabega huku Jusipi akiwatukana mbwa hadi babu zao, ilipita chini yangu kama mtu anavyokunja nguo. Kikombe hakijafika nusu, Mwenye Ndevu akageuka ananionyesha kwa kidole: Qausuittuq! Nikamwambia hapana. Nikamwonyesha kwa mkono azunguke, arudi kidogo, nimeacha kitu. Alidhani nataka kuona dubu. Akainamisha bawa nione vizuri, chai ikanimwagikia, na mara tukawa chini.

Nimefika kwako, Maina, na neno langu liko kule nyuma kwenye ghuba ya jiwe jeusi, halijafunga hata viatu.

Na wewe! Umesimama pale na koti lako jekundu, umezungukwa na ukoo mzima, unaona ninavyoteremshiwa hema na ngozi na samaki, na neno lako la kwanza baada ya miaka yote hiyo ni: Dada, umehamia? Mkweo akauliza mbwa wako wapi. Nikawaambia chekeni, chekeni, mkikwama siku tano kwa ukungu mtakuja kuomba kipande. Ukanishika mashavu kwa mikono yote miwili. Ukanusa uso wangu kama Mama alivyokuwa akitunusa. Nikasema moyoni, sasa mwambie. Nikafungua mdomo nikakuambia umenenepa.

Siku nne, Maina. Unakumbuka tulivyocheza karata nikakushinda, usikatae. Unakumbuka tulivyomwimba yule katekista wa zamani na pua yake. Sijawahi kufurahi hivyo tangu tulipokuwa wasichana wa kambi moja, kabla meli haijatuleta kaskazini na kutugawa, ninyi wakawashusha kisiwa chenu, sisi na Mama wakatupeleka mbele, na hakuna aliyetuambia mapema. Nilikuwa naamka nakusikia ukikoroma nasema asante Mungu, hiyo ndiyo sauti niliyoikosa.

Lakini katikati ya furaha yote, yule mtoto analia. Analia mgongoni, ndani ya mfuko wa kubebea wa koti la Lipika, analia mikononi mwako, analia mikononi mwangu. Lipika macho yamemwingia ndani kama ya mtu aliyetembea dhorubani. Nikajitia ushujaa, nikatoa jina la mume wangu, maana jina halichagui msichana wala mvulana. Nikamwinamia sikioni nikamwita: Jusipi. Akanyamaza kidogo, akavuta hewa akapiga ukelele uliotikisa vikombe. Ukasema: Dada, amemkataa mumeo. Nikasema hata mimi nilimkataa miaka miwili. Tukacheka mpaka Lipika naye akacheka, maskini, machozi yanamtoka.

Ndipo ulipolisema lile. Ulikuwa unakanda unga, umenipa mgongo. Ulisema ungempa mtoto jina la Mama, umelifikiria tangu siku ya kwanza, lakini Mama alikwisha kuchagua kwenda kwangu. Ukasema huwezi kumvuta mtu kwa mkono aingie nyumba ambayo hakuiomba. Halafu ukasema, taratibu kama unauambia ule unga, kwamba labda kule Mama alikokuwa alikusahau kidogo, na humlaumu, maana meli ilikutenga naye mapema na sura za watu hufutika.

Nami nilikuwa nimekaa hapo hapo, na kisu changu, na mdomo wangu huu ambao kisiwa kizima kinauogopa. Nikasema unga umezidi maji.

Nilirudi Alhamisi. Upepo ulitupiga usoni, tukachukua karibu saa mbili, na bado hazikutosha. Macho yalitoa maji njia nzima. Mwenye Ndevu alinipa kitambaa chake, kilikuwa kichafu, nikakikataa.

Niviaq alinipokea, akashusha hema langu, akauliza mtoto amepata jina? Nikasema bado. Akauliza kwa nini sasa uso wako uko hivyo, binti yangu. Na hapo hapo kibandani, kati ya mizani na mifuko ya barua, nikamwambia yote, yeye kabla yako, unisamehe, lakini mtu huungama kwa mama yake. Nilidhani atalia. Nilidhani ataona kwamba namtoa nyumbani. Maina, alicheka! Alicheka akashika mizani. Akasema jina si koti, kwamba akilivaa mmoja mwingine abaki na baridi. Akasema yeye anaweza kuwa huku anapima mizigo na awe kwenu ananyonya, na kwamba yule aliyeko kwenu ndiye mwenye bahati maana hapaswi kuamka saa kumi na mbili. Halafu akaacha kucheka, akanipa karatasi na kalamu. Akasema ndege inakuja Jumanne asubuhi. Kama barua haimo mfukoni, atalisema mwenyewe redioni mchana, visiwa vyote visikie.

Ndiyo leo. Ndege ishatua, naisikia. Kwa hiyo sasa.

Mama alipokuwa anakufa, Maina, hakunyamaza kama nilivyokuambia. Nilikuwa namlisha mchuzi kwa kijiko. Siku tatu hakuwa amesema kitu, nimemwosha, nimemgeuza, nimemchania nywele. Akafungua macho akasema: Niliishi kwa Alasi. Sasa nitakwenda kwa Maina. Mwambie anitengenezee nafasi. Akataja jina lako tena mara mbili. Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya mwisho, mengine hakuna.

Nikakasirika. Nakuambia kama lilivyo. Mikono yangu mimi ndiyo iliyomlisha, na mdomo ulipofunguka ukakutaja wewe. Nilikuwa nimeshakupoteza wewe kwa meli, nikaona sasa nampoteza na yeye, na wote wawili mtakuwa pamoja huko Qausuittuq mnakunywa chai, mimi niko huku na mlima. Mwezi haujaisha, binti yangu akajifungua msichana. Nikasema nimemwota Mama amekuja mlangoni na begi lake. Sikumwota. Nilikuwa macho, najua kabisa ninachofanya. Nikampa mtoto lile jina, akanyamaza, akashika kidole changu, nami nikajiambia basi, amekubali, yamekwisha.

Na usidhani nitaisingizia ndege kwamba ni fupi. Nilianza barua hii nikiwa na nia ya kuisingizia, ukweli ndio huo. Lakini nilipokuwa naandika nikakumbuka safari yetu ya mbwa na Jusipi. Ile ilikuwa majira ya kuchipua baada ya Mama kufa. Nilikuwa na huko kulala kote mara saba, hata mara moja haikupungua, na wewe ulinipokea palepale penye barafu, kabla hata sijavua mitandio, ukaniuliza: Mama aliacha neno lolote kwangu? Nikakwambia hapana. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imenichukua miaka kumi na tisa. Ningelala hata mara sabini nisingeiva. Wewe hukuwa mbali, Maina. Mimi ndiye niliyekuwa mbali.

Mama hakukusahau. Hakuwahi kukusahau hata siku moja. Alikuwa akishona, akimaliza jozi ya viatu, anasema hivi vingemtosha Maina. Hilo nalo sikukuambia.

Basi, ukimaliza kusoma, usianze kunilaani, nafasi ya kunilaani ipo na mimi siendi popote. Nenda ukamchukue mtoto kwa Lipika. Mbebe wewe, si mwingine. Mwite sikioni: Niviaq. Mwambie, Mama, nafasi yako ipo, nimeitengeneza. Mwambie taratibu, usimpigie kelele kama unavyowapigia wakweo. Akinyamaza, msiguse kitu chochote, kaeni mumsikilize anavyopumua.

Halafu mchana nenda redioni, saa ile ambayo kila mtu amefungua. Usiseme habari zangu. Usiseme barua. Sema maneno mawili tu: Mama amefika. Watu watashangaa, waache washangae, watakula nini wasiposhangaa? Niviaq atakuwa kwenye kiti chake cha uwanja, nami nitakuwa nimesimama nyuma yake, nimevaa nguo zangu za kanisani. Mtoto asiponyamaza, sema hivyo pia, na Alhamisi nitapanda tena kwenye mizani mbele ya watu wote nije nilie naye.

Mwenye Ndevu anawasha injini, hana adabu. Namalizia. Wasalimie wote, Lipika umwambie alale, sasa kazi ya kubembeleza ni yako. Mkweo umwambie hema langu bado zuri na siliuzi. Na yule mdogo mikononi mwako, mwamkie kwa heshima zote anazostahili, mwambie binti yake mkubwa amechelewa miaka kumi na tisa, lakini ujumbe ameufikisha.

Ni mimi dada yako,
Alasi